Nyanya, bamia na baridi ya Leicester: nijenge tuneli ya nailoni au banda la vioo?

Msambaa_Ughaibuni

Wakuu salaam. Baada ya kukaa kwenye foleni ya halmashauri miaka mitatu na ushee, mwezi uliopita nimepewa ploti yangu hapa Leicester. Kwa ambao hawako huku: halmashauri za Uingereza hukodisha vipande vya ardhi kwa wananchi walime mboga za kula nyumbani. Kipande kizima cha kawaida ni kama mita za mraba 250, na mpaka leo wanakipima kwa rodi, yaani fito. Kizima ni fito 10, mimi nimepata nusu. Nilipomwambia baba kwenye simu kwamba nimepewa shamba la fito tano, alicheka mpaka salio likaisha.

Mimi ni mtoto wa Lushoto, nyanya na kabichi nimezishika kabla ya kalamu. Lakini huku zimenishinda. Mwaka jana nilipanda nyanya kwenye ndoo nyuma ya nyumba, zikapendeza, mwezi wa nane zimebeba matunda mabichi ya kutosha. Ikanyesha siku tatu mfululizo. Naamka asubuhi, majani yana mabaka ya kahawia kama yamemwagiwa maji ya moto. Wiki moja, kwisha habari.

Kwa hiyo nataka kulima chini ya paa. Bajeti ni pauni 600, haiongezeki. Mama watoto anataka banda la vioo, anasema linapendeza na ataweka kiti chake mle anywe chai. Mimi naona kwa hela hiyo hiyo tuneli, yaani matao yaliyovalishwa nailoni, inanipa eneo mara tatu. Mazao: nyanya, bamia, pilipili mbuzi, mchicha, sukuma. Ploti iko kwenye mwinuko, upande wa magharibi hakuna ua wala mti. Wenye uzoefu karibuni. Wale wa "nenda kanunue dukani" naomba wapite kimya kimya.

Pita_Njia

Nenda kanunue dukani.

Binti_Micheweni

Pita_Njia, wewe hujala nyanya iliyoivia mtini. Kaa pembeni wenzako wazungumze.

Ndugu yangu Msambaa, mimi niko Reading, nina banda la vioo na huu ni mwaka wa sita. Wala sikulinunua. Watu wa huku wakizeeka au wakihama hutangaza mtandaoni: banda lipo, bure, njoo ulifungue mwenyewe uondoke nalo. Langu ni futi 6 kwa 8, la alumini. Nilikwenda na kaka yangu na gari ya kuazima, tukadhani ni kazi ya saa mbili.

Sasa sikiliza. Kabla hujagusa nati hata moja, piga picha kila pembe, kisha andika namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila chuma. Mimi nilijifanya nitakumbuka. Wikiendi mbili nimekaa kwenye majani na rundo la vyuma vinavyofanana, mume wangu yuko dirishani anacheka. Vioo ni vya futi 2 kwa 2, vyembamba, milimita 3, na vinashikwa na vibanio vya waya. Ukivifyatua vinaruka kama panzi. Usihangaike kuviokota, nunua pakiti mpya. Na msingi upimwe kwa pima maji, si kwa macho. Mimi upande mmoja ulizama kidogo tu, kama unene wa kidole, na hiyo ilitosha mlango usifunge na kioo cha pembeni kupasuka chenyewe usiku, hapana aliyekigusa.

Lakini silitoi. Paa lina mifereji yake tayari. Mvua ya milimita 10 hunipa lita 40 hivi kwenye pipa, na kwenye ploti yetu bomba la maji hufungwa tangu Oktoba mpaka majira ya kuchipua, hivyo pipa lile ni roho yangu. Na Machi, jua likichungulia dakika tano tu, ndani unavua koti. Miche yote huanzia humo.

Nyundo_wa_Tyne

Mimi niko upande wa Newcastle. Stori yangu ni fupi na ina tarehe.

Nilikuwa na tuneli ya mita 2 kwa 4, ile ya mtandaoni ya kijani, iko na zipu na madirisha ya neti, pauni 130. Mabomba yake ukiyashika unaona yanapinda mkononi. Nikaifunga chini na vigingi vya hema vilivyokuja ndani ya boksi. Tarehe 26 Novemba 2021 ikaingia dhoruba ya Arwen. Hapa kwetu upepo mbaya kwa kawaida unatoka magharibi, na kila mtu alikuwa amejikinga upande huo. Arwen ikatoka kaskazini mashariki, moja kwa moja kutoka baharini. Ndiyo maana ilingʼoa miti mingi hivyo, mizizi yake ilikuwa imezoea kusukumwa upande mwingine.

Asubuhi nilikuta mashimo ya vigingi na sukuma wiki zangu zimesimama hapo nje zikiniangalia. Tuneli ilikuwa ploti ya saba, imekunjika kama kiti cha ufukweni.

Usidhani wenye vioo walipona. Mzee jirani yangu alipoteza ukuta mzima. Mpaka leo akivuna viazi anavaa glavu nene, vipande bado vinatoka kwenye udongo. Msambaa, hiyo mwinuko yako isiyo na ua ndiyo swali la kwanza. Vioo au nailoni ni swali la pili.

Pita_Njia

Kaskazi imewakuta mpaka Ulaya 😂

Mzee_Mchicha

Nawasalimu wote. Nina ploti mashariki ya London tangu 2003, na jina nililojipa linaeleza ninacholima.

Kijana, kabla hujanunua hata msumari, toa mkataba wako kwenye droo usome ukurasa wa majengo. Sheria ya 1908 ndiyo inayozidai halmashauri kutoa mashamba haya, na ile ya 1922 ikaeleza kwamba ni ya mboga na matunda ya kula mwenyewe na familia. Lakini nini kijengwe juu yake, kila halmashauri na kila kamati ina yake. Kuna zinazokataa kioo kabisa kwa sababu ya watoto na hivyo vipande anavyosema Nyundo. Kuna zinazoruhusu kioo zikakataza zege. Nyingine zinakupimia urefu, upana na kimo. Nimeona mtu kaweka banda zuri, msingi wa zege, amepaka rangi. Ikaja barua, siku 28 abomoe. Alibomoa huku analia, mtu mzima.

Kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi, na usubiri jibu la maandishi. "Yule bwana wa kamati aliniambia sawa tu" haisaidii kamati ikibadilika.

Binti_Micheweni

Shikamoo mzee.

Mzee_Mchicha

Marahaba mwanangu.

Sasa tuneli. Mimi nimekuwa nazo mbili, na ya kwanza nailoni yake ilikaa miaka saba. Siri haiko kwenye nailoni peke yake, iko chini ya ardhi. Nailoni nzuri ya bustani ina unene wa maikroni 180, huku wanaiita geji 720, imetiwa dawa ya kuzuia jua lisiikaushe. Hiyo usiifunge kwa kamba wala kwa vigingi. Chimba mtaro kuzunguka tuneli yote, kina cha beleshi moja na nusu, laza nailoni ndani, fukia, shindilia kwa miguu. Uzito wa udongo ndio unaoshika. Upepo ukipita juu unateleza, hauna pa kuingiza kidole.

Juu ya matao weka mkanda wa sponji kabla ya kuvalisha. Chuma kikipata jua kinachemka, na nailoni hufa kwanza pale inapogusana na chuma. Ukipita kwenye ploti za watu utaona tuneli zilizopasuka mistari kama mbavu, ujue mwenyewe alibana pesa ya mkanda. Na usitumie mabomba ya PVC ukadhani umepata ujanja, hayo yanaiunguza nailoni kwa kemikali zake hata bila jua kali.

Siku ya kuvalisha iwe ya joto na isiyo na upepo kabisa. Nailoni ikiwa na joto inalegea, unaivuta, jioni ikipoa inajikaza yenyewe kama ngozi ya ngoma.

Bwana_Shamba_Arusha

Nawasoma kutoka nyumbani. Kinachonifurahisha ni kwamba hiyo mnayoiita tuneli ndiyo sisi huku tunaiita grinihausi. Miti au mabomba, nailoni ya maikroni 200, neti pembeni. Banda la vioo kwa mkulima wa kawaida huku hulioni.

Ila kazi zake ni tofauti. Huku hatutafuti joto, tunalo mpaka linatukera. Tunatafuta kuzuia mvua isiloweshe majani, na neti izuie wadudu. Na kosa lililowaua wengi huku ni kudhani ukishaezeka umemaliza. Mtu anapanda nyanya humo humo misimu minne, mitano, mnyauko bakteria unaingia kwenye udongo, mche unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani. Hakuna dawa. Banda la mamilioni linageuka stoo ya magunia. Wengine mmeshamsahau kantangaze, yule mdudu wa nyanya, mwanya kidogo kwenye neti na kaingia.

Kwa hiyo Msambaa uliza pia: udongo wa ndani utaubadilishaje? Ukiwa na eneo kubwa unaweza kuzungusha mazao. Kwenye futi 6 kwa 8 unazungusha nini?

Binti_Micheweni

Nyanya zangu ziko kwenye vyungu, udongo mpya kila mwaka, wa zamani nautupa kwenye viazi... hapana, kwenye vitunguu! Si kwenye viazi, msiige. Nyanya na viazi ni ndugu, wanaambukizana.

Bwana_Shamba_Arusha

😀 Ulitaka kunitia presha.

Jambo jingine ambalo wauza tuneli hawalisemi. Usiku wa anga tupu, bila mawingu wala upepo, ardhi hutoa joto lake kwenda juu. Kioo kinalizuia sehemu kubwa ya joto hilo, lakini nailoni ya kawaida linaipita kama haipo. Unaweza kukuta alfajiri ndani ya tuneli kuna baridi sawa na nje, na mara chache kuzidi nje. Zipo nailoni zilizotiwa kitu cha kuzuia hilo, ni za bei zaidi kidogo. Kama sakitu huko inapiga mpaka Mei, ulizia hiyo.

Mzee_Mchicha

Hilo nalikubali. Nimewahi kupoteza miche 30 ya nyanya ndani ya tuneli mwezi wa tano tarehe 6, na mlango nilikuwa nimeufunga. Siku hizi nikiona mbingu nyeupe ya nyota natandaza kitambaa chepesi cha bustani juu ya miche, ndani ya tuneli. Paa ndani ya paa.

Nyundo_wa_Tyne

Mnaongea baridi tu. Joto je?

Binti_Micheweni

Tarehe 19 Julai 2022. Siku ile Coningsby, Lincolnshire, walipima digrii 40.3, Uingereza haijawahi kuona. Kipimajoto changu ndani ya banda kinaishia 50. Sindano ililala mwisho ikabaki hapo. Maua ya nyanya yakapukutika yote, majani ya pilipili yakawa karatasi.

Baada ya hapo nilifanya mawili. La kwanza, chokaa. Nilichanganya nyepesi nikapaka vioo vya kusini kwa nje, ikifika Septemba naosha. Huku wanauza rangi maalumu kwa kazi hiyo, mimi nimekulia Pemba, chokaa naijua. La pili, nilinunua kile kimkono kinachofungua dirisha la paa chenyewe. Hakina umeme wala betri. Ndani yake kuna nta. Joto likipanda nta inavimba, inasukuma chuma, dirisha linafunguka, ikipoa linarudi. Mara ya kwanza nilikaa kwenye ndoo nusu saa nikilisubiri lifunguke. Lilipoinuka taratibu peke yake nilipiga makofi.

Mzee_Mchicha

Na tuneli haina dirisha la paa. Hewa yake ni milango tu, kwa hiyo weka mlango pande zote mbili, mipana. Tuneli ndefu yenye mlango mmoja inageuka bafu la mvuke. Matone yanadondoka kutoka juu asubuhi, ukungu wa kijivu unashika matunda, na umejenga nyumba kwa ajili ya ugonjwa ule ule uliokuwa unaukimbia.

Maana ugonjwa wako Msambaa ni bakajani chelewa, ndio huo uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Unataka unyevu na joto la wastani. Huku wana kipimo chao cha kuutabiri: siku mbili mfululizo zisizoshuka chini ya digrii 10, na kila siku angalau saa sita za unyevu wa asilimia 90 au zaidi. Hesabu mwenyewe ni siku ngapi za Agosti ziko hivyo. Paa linasaidia kwa kuwa jani halilowi. Lakini ukimwagilia, mwagilia shina, na asubuhi. Ukimwaga maji juu ya majani saa mbili usiku umejinyeshea mvua yako binafsi.

Nyundo_wa_Tyne

Na sukuma itoe kwa hiyo list. Sukuma haitaki nyumba. Yangu inapigwa na theluji inasimama, tena baada ya baridi inakuwa tamu. Hiyo nafasi ya ndani ni ya wale hawawezi baridi.

Mzee_Mchicha

Mchicha nao, kwa Leicester, unaweza kuupanda nje kuanzia Juni ukakubali. Ndani uwekee wa mapema tu. Wanaodai paa kweli kweli ni bamia na pilipili mbuzi, na nyanya kwa sababu ya bakajani. Na asikudanganye mtu kwamba utalima Desemba. London mwezi huo tunapata mwanga saa nane tu kwa siku, Leicester hata hazifiki. Mmea hauna chakula hata ukiwashia jiko. Uliooteshwa Septemba unabaki kama ulivyo, unauchuma kidogo kidogo, unangoja Februari.

Pita_Njia

Swali la kweli safari hii. Nikilima mchicha mwingi naweza kuwauzia Wabongo wa mtaani?

Mzee_Mchicha

Rudi juu usome 1922.

Msambaa_Ughaibuni

Wakuu nimerudi. Nilikaa kimya kwa sababu nilimtii Mzee nikatoa mkataba. Ukurasa wa nne: kioo marufuku, cha aina yoyote. Plastiki ngumu au nailoni ruksa, isizidi mita 3 kwa 6, kimo mita 2 na robo, na lazima ikae mita moja kutoka ploti ya jirani. Nikampelekea mama watoto karatasi asome mwenyewe. Akasema "kamati yenu hiyo inaonekana imeundwa na waume za watu."

Tukaangalia mabanda ya plastiki ngumu, yale yenye kuta mbili na hewa katikati. Mazuri, yanashika joto, hayavunjiki. Lakini kwa hela yangu nilikuwa napata kibanda cha futi 6 kwa 6 chenye vipande vya milimita 4, na jirani ninayepakana naye akanionyesha chake: upepo ulivitoa vipande kimoja kimoja kama mtu anachomoa kadi. Sasa kavifunga kwa mkanda wa gundi.

Nimeagiza tuneli ya 3 kwa 6, matao manene, nailoni ile ya kushika joto, mkanda wa sponji, milango miwili. Imefika 570. Ruhusa nimepewa kwa barua pepe, nimeichapa nimeiweka kwenye fremu karibu na picha ya harusi.

Nyundo_wa_Tyne

Na upepo wa magharibi?

Msambaa_Ughaibuni

Nimeweka neti ya kuvunja upepo, kimo cha mita moja na nusu, mita nne kutoka kwenye tuneli. Nilitaka ubao mzima, Mzee akaniandikia faragha kwamba ukuta mzima upepo unauruka na kuangukia nyuma yake kwa nguvu zaidi. Neti inauchuja.

Msambaa_Ughaibuni

Mrejesho, wiki ya pili ya Mei. Mtaro ulinichukua Jumamosi mbili, udongo wa huku ni mfinyanzi, unashika beleshi kama deni. Kuvalisha tulikuwa wanne. Kulikuwa kimya kabisa, jua zuri, tukasema hii ndiyo siku. Tumefika katikati kikaja kiupepo kidogo tu, cha kupeperusha leso. Nailoni ikajaa, ikaniinua mpaka nikasimama kwa vidole, na mama watoto ambaye tangu mwanzo hakuitaka tuneli hii akairukia akalala juu yake kifudifudi kwenye matope mpaka tulipofukia upande ule. Jioni ilivyopoa niliigonga kwa kidole. Mzee, ni ngoma kweli.

Kiti chake cha chai kipo, mlango wa kusini.

Nyanya zimeshika, pilipili zina rangi. Shida ni bamia. Zimetoa jani la tatu zikasimama. Hazifi wala haziendelei, wiki mbili sasa, majani yanaelekea unjano. Mbolea?

Binti_Micheweni

Usitie mbolea. Alfajiri ndani ya tuneli digrii ngapi?

Msambaa_Ughaibuni

Leo 7.

Binti_Micheweni

Zirudishe nyumbani dirishani. Zilete tena Juni.

Msambaa_Ughaibuni

Dirishani mama watoto ameshapanga maua yake.

Mzee_Mchicha

Mwombe vizuri.